Kichwa cha Miaka Tisa, Mkono wa Miaka Mitano

Jirani yetu aliingia uani asubuhi moja kuazima kinu, amejifunga kanga mpya ambayo hata maji haijaonja. Mwanangu, wakati huo ana miaka minne na miezi kadhaa, alikuwa ameketi chini ya cherehani yangu akipanga vifungo. Akainua macho, akasoma jina la ile kanga silabi kwa silabi, kwa sauti ya mwadhini. Jina lenyewe lilikuwa fumbo la kumrushia mke mwenza. Jirani akaangua kicheko cha aibu. Mimi sikujua nicheke au nijifanye nahesabu vifungo. Kabla hatujapata la kusema, mtoto akauliza: "Mama, hayo anaambiwa nani?"

Siku ile nilishangilia kwamba mtoto anasoma. Ilinichukua karibu mwaka mzima kutambua kwamba la kushangilia lilikuwa lile swali.

Kama unaye mtoto wa namna hii, anayesoma vibao vya daladala kabla hajajua kufunga kamba za viatu, huenda umeanza kufikiria kumfundisha mwenyewe nyumbani. Huenda mwalimu wa chekechea amekuita akakwambia mtoto anasumbua, kumbe amemaliza kazi yake na sasa anawamalizia wenzake. Njia hiyo nimeipita kwa miaka mitatu, cherehani upande huu na daftari upande ule, na nimekaa na wazazi wengine walioipita. Haya ndiyo ninayotamani ningeambiwa siku ya kwanza.

Pima kwanza

Kiswahili ni lugha karimu: kinaandikwa kama kinavyotamkwa. Mtoto akishashika ba be bi bo bu, akaongeza cha, nya na ng'a, hakuna ukurasa utakaomshinda kuutamka, hata uwe wa hukumu ya Mahakama ya Rufani. Anayeanza na Kiingereza hana bahati hiyo. Huyo kila neno ni vita vyake. Kwa hiyo mtoto anayesoma gazeti la Kiswahili akiwa na miaka minne tunajua ana macho mepesi na sikio zuri. Alichoelewa bado hatujakijua.

Mpime hivi. Mpe aya moja ya hadithi asiyoijua. Akimaliza, funga kitabu, mwambie akusimulie kwa maneno yake. Kisha muulize kitu ambacho hakikuandikwa: "Unadhani kwa nini Fisi alirudi usiku?" Akikupa sababu inayotoka ndani ya hadithi, huyo kweli amewatangulia wenzake. Akikukariria maneno ya kitabuni, usivunjike moyo. Kazi yake tu ni nyingine. Anahitaji kusimuliwa na kutegewa vitendawili kuliko kununuliwa vitabu vigumu zaidi.

Hesabu nazo ni hivyo hivyo. Kuhesabu mpaka mia ni wimbo, na nyimbo watoto wote wanaziweza. Mwekee mezani maandazi saba, mwambie awagawie watu wawili sawasawa. Yule anayesema "matatu, matatu, na hili moja tulikate" amekwisha kuingia kwenye sehemu bila kufundishwa. Yule anayelificha la saba mgongoni naye ana akili yake, lakini si ya hisabati.

Sheria kabla ya ubao

Watu wengi hununua ubao na chaki kwanza, sheria wakaikumbuka baadaye. Tanzania Bara, Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 inamtaka mzazi amwandikishe shule ya msingi mtoto aliyetimiza miaka saba na ahakikishe anahudhuria. Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, toleo la 2023, imeushusha umri wa kuanza darasa la kwanza hadi miaka sita, na inataka elimu ya lazima iwe ya miaka kumi. Kenya, Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 nayo inamfanya mkosaji mzazi asiyempeleka mtoto shule. Tena mtihani wa kumaliza elimu ya msingi husajiliwa kupitia shule; huwezi kumtokeza mtoto wa uani siku ya mtihani.

Mimi nilisoma hivi: uwanja ulio wazi kabisa kwa mzazi ni ule wa kabla ya darasa la kwanza, na baada ya hapo ni jioni, Jumamosi na likizo. Hivyo ndivyo nilivyofanya, na sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu umri huo wa miaka minne hadi saba. Anayetaka kwenda mbali zaidi na aanzie kwa ofisa elimu wa eneo lake, apate jibu la maandishi.

Ndugu zetu walio nje mambo yao ni tofauti. Marekani kufundishia mtoto nyumbani ni halali katika majimbo yote 50, lakini aliyeko New York hupeleka mpango wa masomo na taarifa kila robo mwaka, wakati wa Texas hadaiwi hata barua ya kutoa taarifa. Uingereza, Sheria ya Elimu ya 1996 inakubali elimu ya shuleni "au kwa njia nyingine", na njia hiyo nyingine ndiyo nyumbani. Ujerumani usijaribu, huko shule ni lazima na mahakama zao hazina mchezo. Ukihama nchi, usihame na mazoea ya jimbo ulikotoka.

Kichwa, mkono na moyo

Mwaka 1991 wataalamu na wazazi kadhaa walikutana Columbus, Ohio, wakakubaliana kwamba jambo kubwa la watoto hawa ni kukua kwa mbio zisizolingana. Kichwa kinakimbia, mwili unafuata taratibu, moyo uko pale ulipo. Kwetu hilo nililiona kwa machozi kabla sijalisikia kwa mtu.

Mwanangu, miaka mitano, aliweza kunisimulia kwa dakika ishirini jinsi mvua inavyotoka baharini ikarudi baharini. Nikamwambia, vizuri, sasa andika. Nikampa daftari na penseli. Akaandika "maji", akaifuta ile m kwa sababu ilikuwa na miguu minne, akaiandika tena, akaifuta, karatasi ikatoboka. Mara ya tatu akalichana daftari katikati akaingia uvunguni mwa kitanda. Nilimgombeza. Nilidhani ni ukaidi, na ninaona haya kuandika kwamba niliurudia mchezo ule karibu miezi miwili.

Aliyeniokoa ni mwalimu mstaafu wa mtaani kwetu, alipokuja kupimwa gauni. Alimtazama mtoto akiandika, akaniambia: "Mwanangu, hicho kichwa ni cha miaka tisa, lakini huo mkono ni wa miaka mitano. Unaupiga mkono kwa kosa la kichwa."

Tangu siku ile nikawa karani wake. Yeye anasema, mimi naandika, neno kwa neno, hata akikosea sarufi. Akimaliza namsomea, naye anarekebisha: hapa ongeza, hapa toa. Huko ndiko kutunga insha. Mwandiko tukaupa saa yake peke yake, dakika kumi kwa siku, mstari mmoja au miwili, kwa penseli nene na daftari la mistari mipana. Hesabu akawa anazifanya kwa mdomo au kwa maharage. Na ule mkono wenyewe tukaufanyia mazoezi nje ya daftari: kukanda unga wa chapati, kuchambua mchele, kutunga shanga, kushona vifungo kwa sindano butu, kufinyanga udongo. Mtoto aliyekanda unga kila Jumamosi kwa mwaka mmoja penseli haimpi taabu tena. Kama huchukui lingine lolote katika makala haya, chukua hili la ukarani.

Moyo nao una umri wake. Nilikuwa nimezoea kumwacha asome kipande chochote cha gazeti kinachofungiwa vitumbua. Siku moja akasoma habari ya ajali ya basi, yote, na idadi ya waliokufa. Wiki tatu hakukubali kupanda daladala. Tulitembea kwa miguu kwenda sokoni, mimi na mfuko wa viazi, yeye ananieleza kwa ufasaha wa mhandisi namna breki zinavyoweza kukatika. Akili iliyaelewa yote, na moyo wa miaka mitano ukabaki na mzigo wa mtu mzima. Kwa hiyo soma kabla yake. Kinachomfaa ni kitabu chenye lugha ya juu na mambo ya umri wake, na vitabu hivyo si vingi. Hekaya za Abunuwasi zilitusaidia sana, kwa sababu ujanja wa Abunuwasi unamtaka mtoto afikiri, na hakuna anayemtia jinamizi.

Siku inavyokwenda

Wazazi wapya huniuliza ratiba, nami huona wanataka ratiba ya shule: saa mbili Kiswahili, saa tatu hisabati, kengele, mapumziko. Usifanye hivyo. Darasani mwalimu mmoja ana watoto sitini. Nusu ya siku inakwenda kwa kuita majina, kunyamazisha, kusubiri wa mwisho amalize na kusahihisha. Nyumbani mko wawili. Kazi ya kukaa chini, kwa mtoto wa miaka mitano, saa moja inatosha, na saa moja na nusu ni nyingi. Sisi tulianza saa mbili na nusu baada ya uji, tukamaliza kabla ya saa nne, nami nikarudi kwenye nguo za watu. Muda uliobaki ulikuwa wa uani, wa sokoni na wa kulala mchana. Mtoto mwenye akili nyingi naye hulala mchana, asikudanganye.

Ndani ya saa hiyo, anza na kitu anachokipenda, weka katikati kinachomshinda, maliza kwa kumsomea wewe. Ndiyo, kumsomea, hata kama anasoma mwenyewe. Sikio linaelewa maneno makubwa kuliko jicho, na ukisoma wewe unaweza kusimama ukamwuliza.

Usikimbilie darasa linalofuata

Kishawishi kikubwa ni hiki: amemaliza kitabu cha darasa la kwanza kwa miezi miwili, basi mpe cha pili, halafu cha tatu. Mimi nilifika cha tatu ndipo nikastuka. Kukimbia namna hiyo kunampa mtoto majibu mengi ya maswali ambayo hajawahi kujiuliza, kisha kunamfikisha shuleni akiwa na miaka saba hana la kufanya mpaka miaka kumi. Badala ya kumpeleka mbele, mpeleke chini na pembeni. Na vifaa vya kumpelekea huko viko jikoni.

Chukua vipimo vya zamani. Vibaba viwili ni kisaga, visaga viwili ni pishi. Mpe kopo, ndoo ya mchanga na swali: pishi tatu ni vibaba vingapi? Akijibu kumi na mbili, mgeuzie: vibaba kumi na vinne ni pishi ngapi na kinabaki nini? Hapo tayari yuko kwenye kugawanya kwa baki. Trei ya mayai ina safu sita za mayai matano. Mwanangu alijifunza kuzidisha kwa kuitazama trei kwa marefu kisha kuigeuza kwa mapana na kugundua, kwa mshangao wa mvumbuzi, kwamba mayai hayakuongezeka.

Saa ni zawadi tuliyopewa wasemaji wa Kiswahili. Mshale mfupi uko kwenye saba, sisi tunasema saa moja. Uko kwenye tatu, tunasema saa tisa. Watoto wengi hukariri. Huyu wako atauliza kwa nini, nawe usimjibu. Mwachie siku mbili. Wangu alikuja na sheria yake mwenyewe: "Toa sita. Kama hazitoki, ongeza sita." Kisha akakwama kwenye kumi na mbili, kwamba zikitoka sita ni sawa, na je, zikiongezwa? Tulikaa na saa ya ukutani mapajani jioni nzima tukizungusha mishale. Sijui somo gani la kitabuni lingetupa jioni kama ile.

Halafu kuna bao. Ubao una safu nne za mashimo manane, kete ni 64. Mwanzishie kwa bao la kujifunza, lile la kuweka kete mbili mbili kila shimo, maana 64 kwa 32 ni mbili, na hilo aligundue mwenyewe. Akikomaa mpeleke kwenye bao la Kiswahili kamili, ambapo kila mchezaji anaanza na kete kumi ubaoni, sita kati yake zikiwa kwenye shimo la nyumba, na 22 mkononi. Kupiga hesabu ya mtaji, kwamba kete zangu nikizianzia hapa zitaishia wapi na zitachukua nini, ni kazi inayowatoa jasho wazee wa barazani. Lakini sababu yangu kubwa ya kulipenda bao ni nyingine: kwenye bao mtoto anashindwa.

Mwache ashindwe

Mtoto ambaye kila kitu kilimjia chenyewe hajui jinsi kujifunza kunavyouma. Siku ya kwanza atakapokutana na kitu kisichokubali, atadhani akili imekwisha. Nimewaona watoto kama hao wakifika darasa la tano, wakakutana na hesabu moja ngumu, wakasema hisabati hawaipendi. Kumbe hawajawahi kukosea mbele za watu.

Kwa hiyo kila siku mpe kitu kimoja asichokiweza. Kimoja tu. Na akiona wewe unakosea, usifiche: fumua mshono mbele yake, mwambie nimekosea hapa, narudia. Babu yake alimfunga bao mara kumi na moja mfululizo, bila huruma yoyote, na mara ya kumi na mbili mtoto hakulia, aliuliza, "Babu, ile ya katikati ulijuaje?"

Ndugu na jamaa ndio watakaokuharibia hapa, kwa mapenzi tu. Mjomba akija, mtoto anaitwa sebuleni: njoo msomee mjomba. Shangazi anamwita profesa. Bibi anataka wageni waone. Nilikataa, na bibi yake alinuna siku nne. Mtoto anayesifiwa kwa kuwa na akili ataogopa kila swali linaloweza kuonyesha kwamba hana. Msifu kwa kitu alichofanya: umeirudia mara ngapi hii? Na kama bibi lazima aonyeshe, basi aonyeshe chapati alizokanda.

Chuo kilijua zamani

Watu hudhani kumfundisha kila mtoto kwa mwendo wake ni fikra mpya iliyotoka nje. Anayedhani hivyo na atembelee chuo chochote cha Kurani cha pwani, yaani madrasa. Watoto thelathini wamekaa mkekani, na hakuna wawili walio mahali pamoja. Huyu yuko alifu kwa ujiti, yule yuko Juzuu Amma, mkubwa wao anakaribia kuhitimu. Mwalimu anamwita mmoja mmoja, anamsikiliza, akikosea anarudia, akipatia anasonga, na hakuna anayemsubiri mwenzake wala anayeonewa haya kwa kuwa nyuma. Mwenye kujua anamsikiliza mdogo wake. Upungufu wa chuo tunaujua, na bakora zake pia, lakini mpango ule wa kusikilizana mmoja mmoja ndio nilioubeba nikaupeleka chini ya cherehani.

Jaribio moja kubwa la siku hizi lilikuja kufanana nao. Kati ya mwaka 2017 na 2019, mkoani Tanga, watoto karibu elfu tatu wa vijiji 170 hivi, wengi wao hawakuwa wakienda shule, walipewa vishikwambi vyenye programu za Kiswahili za kusoma, kuandika na kuhesabu, katika shindano la Global Learning XPRIZE. Kila mtoto alikwenda kwa mwendo wake. Washindi wawili, onebillion na Kitkit School, walitangazwa mwezi Mei 2019, na programu za shindano zikaachwa huru kwa umma. Kwa mtoto aliyetangulia, programu kama hizo humalizika upesi, na hazimuulizi "unadhani kwa nini". Zitumie wakati una mteja.

Vifaa vingine visivyo na gharama kubwa: Taasisi ya Elimu Tanzania imeweka vitabu vya kiada kwenye maktaba yake ya mtandaoni, navyo vitakuonyesha shule inatarajia nini kwa kila darasa. Tovuti ya African Storybook ina hadithi fupi nyingi za Kiswahili unazoruhusiwa kuzichapa. Vipindi vya katuni navyo vipo: Akili and Me ni cha wadogo, Ubongo Kids, kilichoanza 2014, ni cha wakubwa kidogo. Aliyeko Dar es Salaam ampeleke mtoto Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed, kwenye sehemu ya watoto, amwache achague mwenyewe. Atachagua kitabu chepesi mno. Mwache. Kamusi nayo ni mchezo: mtafutie neno "wamefundishana" na umwone anavyohangaika mpaka agundue kwamba kamusi inataka mzizi.

Wenzake

Swali ambalo kila mtu atakuuliza ni la marafiki, na wana haki. Jibu langu ni kwamba mtoto huyu anahitaji watu wa aina mbili. Wa kucheza nao ni wa rika lake: rede, kombolela na mdako havitaki kisomo, na humo ndimo anamojifunza kungoja zamu na kunyang'anywa. Wa kuzungumza nao wanaweza kuwa wakubwa. Wangu alijipatia rafiki fundi redio wa miaka hamsini, akawa anakaa kibandani kwake Jumamosi akiuliza kila waya unakwenda wapi. Fundi alisema hajawahi kupata msaidizi mwenye maswali mengi na kazi kidogo kiasi kile. Saa kumi jioni kitabu kinafungwa, mlango unafunguliwa, hata kama amebakiza kurasa mbili.

Yupo mzazi ninayemfahamu aliyefanya kinyume, akamfungia mtoto ndani na mitaala ya kigeni akitaka afike chuo kikuu mapema. Mifano ya haraka hiyo ipo kwenye vitabu. John Stuart Mill alifundishwa nyumbani na baba yake, Kigiriki akiwa na miaka mitatu, Kilatini akiwa na minane. Akawa mwanafalsafa mkubwa, lakini alipofika miaka 20 alizama katika huzuni nzito iliyomwondolea raha ya kila kitu, naye mwenyewe aliieleza kwa kirefu katika kitabu cha maisha yake. Upande wa pili, mpenzi mmoja wa bao aitwaye Julius Nyerere alianza shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka 12. Sisemi umcheleweshe mtoto. Nasema hakuna gari litakalomwacha.

Atakapoingia shule

Kwa wengi wetu siku hiyo inafika, nayo isiwe kushindwa kwako. Usiende kwa mwalimu mkuu na maneno "mwanangu ni mjanja sana". Kila mzazi anasema hivyo. Nenda na daftari la ukarani, lile lenye maneno yake kwa mwandiko wako, na lile la mwandiko wake, uyaweke mezani yote mawili. Mwalimu aliyezoea watoto ataiona tofauti kabla hujafungua mdomo.

Kisha omba mambo madogo yanayowezekana katika darasa la watoto wengi. Akimaliza kazi, aruhusiwe kutoa kitabu chake mkobani. Kipindi cha hisabati, ikiwezekana, akakae darasa la juu, halafu arudi. Asigeuzwe mwalimu msaidizi wa kila siku. Mara moja moja ni heshima, kila siku ni mzigo. Shule ya kwanza niliyoijaribu ilinijibu kwamba haina muda wa watoto maalumu. Ya pili ilikubali mawili kati ya matatu, nami nikaridhika.

Kurusha darasa ni jambo zito zaidi. Kabla hujakubali, mtazame mtoto nje ya kitabu: anaweza kuandika mistari kumi bila kuchoka? Anajihudumia chooni? Akitaniwa analia au anajibu? Na piga hesabu ya mbele: mtoto aliyeruka madarasa mawili ataingia kidato cha kwanza, pengine bweni, na Kiingereza kikiwa lugha ya masomo, akiwa mdogo kuliko wenzake wote kwa miaka miwili. Mimi nilikataa. Wazazi wawili ninaowajua walikubali, mmoja hajuti.

Wangu sasa yuko darasa la tatu na watoto wa rika lake. Mwandiko wake bado ni nyayo za kuku. Hisabati anakwenda darasa la tano, na jioni tunaendelea na ukarani, ingawa siku hizi aya ya mwisho anaiandika yeye.

Kama unakusudia kuzungumza na shule, nenda Oktoba au Novemba, wakati wa uandikishaji, mwalimu mkuu akiwa bado ana nafasi ya kukusikiliza. Januari atakuwa na foleni ya wazazi mlangoni, na watoto wapya mia moja wanaolia uwanjani.